Filta ya Matheka

Baba alikuwa akisema gari mzee haiuawi na uzee, inauawa na tumbo. Ukiilisha vizuri itakuzika wewe. Yetu ilikuwa pikapu ya Peugeot 404 iliyozaliwa kabla yangu, rangi yake ilishasahaulika, lakini asubuhi ilikuwa inawaka kabla hata mlango haujafungwa.

Kila Jumamosi mimi na yeye tulikuwa tunaifungua pale nje ya nyumba yetu, Ziwani. Yeye alikuwa na vidole vinene, kwa hivyo kabureta ilikuwa kazi yangu. Nafungua kile kikombe chake kidogo, namwaga petroli iliyobaki ndani kwa kopo jeupe, tunaangalia. Kama kuna mchanga chini tunauona. Kama kuna maji yanakaa chini kama macho ya samaki. Halafu naangalia filta, kile kichujio kidogo cha plastiki kwenye paipu ya petroli, kama kimeanza kuwa cha kahawia tunabadilisha. Na tangi haikushuka nusu hata siku moja, hata mwezi ukiwa mbaya, kwa sababu tangi ya zamani ina kutu chini, na ukiendesha na robo unainywesha gari matope.

Siku ya kwanza kunifundisha nilichukua sindano nizibue jeti, kile kitundu ambacho petroli inapitia. Baba alinishika mkono.

"Hapana, mwaitu. Ukiingiza chuma hapa tundu linapanuka. Gari inakuwa mlevi. Puliza na mdomo."

Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba. Mimi ni Ndanu, nimeitwa jina la mama yake, ndiyo maana alikuwa ananiita hivyo. Nilipuliza. Mdomo ulikuwa na ladha ya petroli mpaka Jumatatu shuleni, na nilifurahi.

Na hiyo gari, Baba alikuwa anabeba nyama. Saa kumi na moja asubuhi anatoka kichinjioni na boksi ya bati imejaa, saa moja yuko Soko la Burma kwa bucha ya Okinyi. Hiyo boksi ilikuwa ya Okinyi, imepakwa rangi nyeupe ndani, na pale Burma watu walikuwa wanasema ukitaka kujua saa imefika ngapi angalia kama Mutie, yaani Baba, ameingia. Miaka saba hakuchelewa. Baba hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, hakwenda shule, hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na hicho.

Sasa, Aprili ya tisini na sita Susu akafa huko Mwingi. Baba alipaswa kwenda kumzika mama yake na kukaa siku tisa. Nyama haingojei matanga. Akamwachia Matheka gari.

Matheka alikuwa wa kwetu. Kijiji kimoja, kanisa moja, tena nyumba yake ilikuwa laini ya nyuma ya yetu. Alikuwa na Datsun ndogo ya kubeba sufuria na viti vya kukodisha. Mtu wa kucheka sana, mtu wa kukupiga bega. Nilikuwa namuita Anko.

Alituletea gari Jumapili jioni, siku tuliyorudi. Alikuja pia na kilo ya matumbo kwenye gazeti, akamwambia Baba pole tena, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Kazi yako iko vile uliiacha, Baba Ndanu. Hakuna siku nyama imechelewa."

Mama akalia kidogo kwa shukrani. Mimi nilienda kutoa mikeka ya gari niipige vumbi. Nilipofungua mlango nikasikia harufu. Si petroli. Ilikuwa harufu ya stovu. Mafuta ya taa. Nikafungua boneti. Paipu ya petroli ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja, imefungwa na mpira wa ndani ya baisikeli. Filta haikuweko. Niliangalia geji ya tangi, mshale umelala kwa E.

Watu wote Eastlands walikuwa wanajua kuna wasee wanauza petroli kwa mitungi, bei ya chini, wamechanganya na mafuta ya taa. Gari inakunywa lakini inakohoa, plagi zinakuwa nyeusi. Kumbe Matheka alikuwa amelisha gari yetu hiyo kitu siku tisa.

Nikaingia ndani. Baba alikuwa ameketi, bado na vumbi la kaburi kwa viatu.

"Baba, hiyo gari..."

"Iko nini?"

"Ni kama Anko Matheka ametoa..."

"Ndanu." Hakuinua sauti. "Mtu amebeba kazi yako ukiwa kwa kaburi la mama yako, halafu akikurudishia unaenda kuchungulia nyuma yake? Umeona wapi? Rudi ufunge boneti."

Kwetu ni hivyo. Mtu aliyekushika wakati wa msiba humkagui. Ukikagua, umemwambia kwamba hata siku ile unalia ulikuwa unamhesabu kama mwizi.

Nikarudi nikafunga boneti. Ningesema maneno mawili tu, filta haiko, ingetosha. Sikusema. Mimi ni mtu wa aina hiyo, neno likikatwa mara moja linarudi ndani na halitoki tena.

Kesho yake shule zilikuwa bado zimefungwa, nikaenda na Baba. Aliongeza petroli nzuri lakini nzuri juu ya mbaya ni mbaya. Gari ilianza kukohoa Outering Road. Kwa raundabauti ya Donholm ikazima.

Tulifungua kikombe cha kabureta. Kwa kopo jeupe ilitoka kitu kama chai ya rangi yenye mchanga. Baba aliiangalia, akaangalia ile paipu ya mpira wa baisikeli. Nikasafisha, nikapuliza, ikawaka, tukaenda kama mita mia nne, ikazima. Nikasafisha tena. Mara nne. Matope yalikuwa yanatoka tangi na hakukuwa na kitu cha kuyashika njiani. Jua lilipanda. Boksi ya bati ikaanza kupasha. Nzi walitujua kabla ya watu.

Tulifika Burma saa tano unusu. Bwana afya alifungua boksi, akaweka kitambaa kwa pua, akaandika. Nyama yote ikamwagiwa dawa isiliwe na mtu.

Okinyi alikuwa mtu mkubwa, aproni yake peke yake ilikuwa kama shuka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mutie, miaka saba. Leo umenifanya nini?"

Na nani alikuwa ameketi kwa benchi ya Adoyo, yule mama wa chai, mguu juu ya mguu? Matheka.

"Mzee Okinyi, usimlaumu sana," akasema, huku akichovya mandazi. "Hata mimi hizo siku tisa hiyo gari ilinitesa. Nilinyamaza tu kwa heshima ya matanga. Gari ni mzee, dereva ni mzee. Matengenezo hakuna."

Watu wakacheka kidogo. Adoyo akasema, "Kumbe zile Jumamosi zote ni kuosha gari tu," wakacheka tena.

Nilimwangalia Baba. Nilikuwa nangoja aseme. Alifunga mlango wa boksi polepole kama mtu anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa. 

Wiki hiyo wanaume wanne walikuja Ziwani na Datsun ya Matheka, wakaitoa ile boksi nyeupe kwa pikapu yetu, wakaifunga kwa yake. Matheka alisimama akiwaelekeza. "Pole pole, msinikwaruzie." Mimi nilisimama dirishani na nikasema kwa roho, hata wewe. Hata wewe utasimama Donholm na nzi. Nitaiona na macho yangu.

Baba akaanza kubeba mchanga, wakati mwingine viti vya matanga, zile kazi za Matheka za zamani. Jumamosi tulifungua kabureta kama kawaida, lakini hakuwa ananiambia hadithi.

Mimi nikawa nasikiliza. Kitanda changu kilikuwa karibu na ukuta wa nyuma na kila asubuhi Datsun ilikuwa inawashwa upande ule. Mei iliwaka mara ya pili. Juni mara ya nne, na ikishawaka alikuwa anaacha choki nje, kile kivuta cha kuongeza petroli, inanguruma kama inasonga. Julai ikaanza kitu kingine, anazima ufunguo lakini injini inaendelea kutikisika, ta-ta-ta, kama haijasikia. Hiyo ni ile petroli yake ya mtungi. Nilikuwa nalala nikihesabu, najua ndani ya kabureta yake kunaendelea nini kama vile nimewekwa ndani na tochi. Bado, nikawa najiambia. Bado kidogo. Nilikuwa nasikia utamu.

Kitu sikujua ni kwamba Baba pia alikuwa anasikiliza.

Ijumaa moja mwezi wa nane aliniita. Alikuwa na filta mpya mkononi, bado kwa karatasi yake.

"Mpelekee Matheka. Mwambie aiweke leo, kabla ya kesho. Na ajaze tangi kwa stesheni ya ukweli. Hiyo gari haifiki mbali."

Nilidhani sijasikia.

"Baba, ni yeye alitoa yetu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua pale pale Donholm. Unadhani nilitobolewa macho?" Akaniwekea ile filta kwa mkono. "Kesho ni nyama ya harusi ya mtoto wa dada yake Okinyi, huko Buruburu. Watu mia tatu. Ikioza, Okinyi hatasema Matheka. Atasema hawa Wakamba. Nenda, mwaitu."

Nikaiweka kwa mfuko wa sweta, nikaenda.

Matheka alikuwa nje ya nyumba yake anaosha miguu kwa beseni.

"Niaje fundi," akasema. "Leo umetumwa? Buda wako anaomba kazi ya kuosha boksi?"

Nilikuwa na mkono ndani ya mfuko. Nilikuwa nimeshika ile karatasi.

"Mwambie aje, sina ubaya. Lakini asije na ile mkokoteni yake, itanizimia hapa mlangoni tukose pa kupita." Akacheka, akamwaga maji karibu na viatu vyangu. "Ama mlikula ulimi huko kwenu, hata salamu hakuna?"

"Baba anakusalimia," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

Nikageuka nikaenda. Filta ilikuwa bado kwa mfuko. Nyumbani Baba aliuliza, "Umempa?" nikasema ndiyo. Sikuwahi kumdanganya Baba kabla ya siku hiyo, na neno lilitoka laini sana, hata nilishangaa.

Asubuhi ile Datsun ililia mara tisa ndiyo ikawaka. Nilihesabu. Nikangoja mpaka saa moja, nikamwambia Mama naenda Burma kununua matumbo, nikaenda kwa miguu, nimechana nywele kama mtu anaenda kanisa.

Okinyi alikuwa nje ya bucha, amevaa suti ya harusi na juu yake aproni. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Wapishi wa harusi walikuwa wameshakuja na sufuria zao, wameketi juu yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya Adoyo, sijanunua kitu, naangalia barabara. Halafu pikapu ya mboga ikaingia na dereva wake akapiga kelele kutoka dirishani:

"Okinyi, nyama yako iko Donholm. Yule jamaa amefungua boneti anaomba Mungu."

Pale pale Donholm. Sikucheka, lakini kitu kilifunguka kifuani mwangu kama dirisha.

Okinyi akaangalia huku na huku, akaniona.

"Wewe si msichana wa Mutie? Kimbia, mama. Kimbia umwite baba yako, mwambie nimemwomba. Aje na gari."

Kutoka Burma hadi Ziwani ukikimbia hata dakika ishirini hazifiki. Mimi nilienda na miguu yangu ya Jumapili. Gikomba nikasimama nikaangalia viatu. Nilijaribu kimoja. Mwenye viatu akaniuliza kama nanunua, nikamwambia nafikiria. Jua lilikuwa linapanda na nilikuwa nalisikia mgongoni na nikawa nawaza ile bati, vile inapasha.

Baba aliposikia hakuuliza hata swali. Pikapu ikawaka mara moja. Tulimchukua Okinyi Burma, mimi nikaketi katikati yao na goti la suti yake likinigusa. Jasho lilikuwa linamtoka.

Matheka alikuwa vile nilimuona akilini miezi minne. Uso wake mzima ulikuwa jasho. Nzi walikuwa kwa boksi. Alikuwa amefungua kabureta na ameshika waya wa kuanikia nguo, anachokora jeti, anaingiza na kutoa, ingiza na kutoa.

"Acha," Baba akasema. "Acha hiyo waya."

"Inakataa tu, Baba Ndanu. Sijui ni nini. Imewaka asubuhi vizuri."

Baba akainama ndani. Akashika paipu na vidole, akaifuata kutoka huku mpaka huku. Akasimama wima.

"Na filta niliyokutumia jana iko wapi?"

"Filta gani?"

"Nilikutumia filta."

"Mimi sijaona filta ya mtu. Ulimpa nani?"

Wote wakaniangalia. Baba aliniangalia wa mwisho, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikaingiza mkono kwa sweta nikaitoa. Karatasi ilikuwa imekunjika.

"Si ndiyo hiyo," Matheka akasema, na nikaona sura yake inapata nguvu. "Mzee Okinyi, umeona? Umeona hawa watu? Mtoto amekalia filta makusudi nyama yako ioze. Hii ni roho gani?"

Okinyi alinigeukia. Alikuwa mkubwa kama mlango. "Ni kweli?"

Maneno yalikuwa yameanza kurudi ndani, nilisikia yakishuka. Nikayashika.

"Ni kweli," nikasema. "Lakini muulize ya kwetu iko wapi."

"Ya kwenu gani?" Okinyi akasema.

"Ile alitoa kwa gari ya Baba. Aprili, tukiwa kwa matanga."

"Ati nilitoa," Matheka akasema. "Ile ilikuwa imeziba, gari ilikuwa haivuti, ningefanya nini, niache nyama ichelewe? Filta ni kitu ya kutoa tu, unaunganisha paipu. Nilitoa nikatupa, hata mwenyewe hakulalamika."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa kunyamaza.

Okinyi hakuwa mtu wa magari lakini hakuwa mjinga. Aliiangalia paipu ya Datsun, imefungwa na mpira wa baisikeli. Akaangalia pikapu yetu, Baba alikuwa amefungua boneti ipoe, filta yake safi inaonekana.

"Kwa hivyo ile siku," akasema polepole, "ulikunywa chai kwa Adoyo ukaniambia Mutie hatengenezi gari. Na ni wewe ulikuwa umefanya."

"Mzee, si hivyo..."

"Saidia hawa kubeba boksi."

Na Matheka akabeba. Hakukuwa na wanaume wanne, kulikuwa na Baba, Okinyi na suti yake, jamaa wawili wa kuuza machungwa pale raundabauti, na Matheka upande wa chini ambako uzito wote unakaa. Maji ya nyama yalikuwa yanamtiririkia kwa shati. Mimi nilisimama nikaangalia mpaka ikafungwa kwa gari yetu. Sikufunga macho hata kidogo.

Nyama iliponea chupuchupu. Robo ya boksi, ile ya juu karibu na bati, Okinyi aliitupa. Ile nyingine ilifika Buruburu na watu wakala. Boksi haikushuka tena kutoka kwa pikapu yetu.

Baba hakuniongelesha mpaka tulipokuwa wawili, tunarudi.

"Ulitaka ioze," akasema.

"Ndiyo."

"Nyama ya harusi. Watu hata huwajui."

"Nilitaka asimame pale na nzi vile ulisimama."

Aliendesha mpaka taa za Shauri Moyo. "Umenidanganya, Ndanu," akasema. Hakuniita mwaitu. "Hiyo sijamaliza na wewe." Na hakuwa amemaliza. Wiki mbili alikuwa ananiita Ndanu, na hakuna siku ilinilemea kama hizo. Lakini kuhusu Matheka, kama ungeniuliza hata wakati huo, ningefanya tena.

Jumapili baada ya kanisa Matheka alikuja kwetu. Alikuja na mke wake, ndiyo tusimfukuze. Hakumpiga mtu bega. Alisimama mlangoni mpaka Mama alipomwambia aketi.

"Baba Ndanu, ile Datsun sasa haiwaki kabisa. Inakunywa tu na kutoa moshi. Nimepata watu wa viti, wiki hii yote ni harusi na matanga. Nisaidie."

"Uliingiza waya kwa jeti," Baba akasema. "Tundu limepanuka. Itabidi utafute jeti nyingine kwa wauza spea Grogan, na iwekwe na mtu ana vidole vidogo. Mimi asubuhi niko na nyama." Akachukua kikombe chake cha chai. "Mwenye kujua hiyo kazi ni huyo. Muombe."

Matheka akageuka. Ilimchukua muda kunitazama.

"Ndanu," akasema. "Si hata leo, mama. Dakika chache tu."

Sikuwa nimemwangalia machoni tangu Aprili. Nilimwangalia.

"Nitakuja Jumatatu, si ya kesho, ile nyingine," nikasema.

"Wiki nzima? Lakini shule si zimefungwa?"

"Najua," nikasema.

Alimwangalia Baba. Baba alikuwa anapuliza chai yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.